Mliandika popo, mkasahau vidole

Ndugu Mhariri,

Julai 2025, alipofariki Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza ya hevi metali, yaani roki nzito, gazeti lako lilimpa mistari sita chini ya matokeo ya mechi za ridhaa. Niliihesabu. Minne ilikuwa ya popo. Nilikikata kile kipande kwa wembe nikakibandika ndani ya mlango wa kabati la vifaa, na tangu siku hiyo kila nikifungua kuchukua vijiti vya kuchomelea nakisoma na kukasirika upya. Saidia fundi wangu kachoka. Juzi kaniambia, "Mzee, ama kibandue ama uwaandikie." Basi naandika.

Habari ya popo sibishi. Januari 1982, mji wa Des Moines kule Marekani, shabiki alimrusha popo jukwaani, Ozzy akadhani ni wa mpira, akamng'ata kichwa. Ilibidi akapigwe sindano za kichaa cha mbwa. Lakini mtu aliyeanza kurekodi mwaka 1969, akaimba mara ya mwisho siku kumi na saba kabla ya kufa kwake, ndiyo mnamzika na popo peke yake?

Mimi ni fundi wa mageti, hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nina miaka hamsini na tisa. Muziki huu niliupata mwaka 1984 kwa mjomba wangu wa Tanga, marehemu sasa, aliyekuwa baharia kwenye meli za mizigo. Wenzake walirudi na saa na suruali. Yeye alirudi na kaseti moja ya TDK ya dakika 90, aliyorekodi kutoka kwenye santuri za baharia mwenzake Mfilipino. Upande A ilikuwa albamu ya Black Sabbath ya mwaka 1970 iitwayo Paranoid, kama dakika 42. Upande B ilikuwa Master of Reality ya mwaka 1971. Hii ya pili ni fupi, dakika 34 hivi, na mjomba hakuwa mtu wa kuacha mkanda ukizunguka mtupu. Pale mwisho akajazia Mbaraka Mwinshehe.

Kwa hiyo kwangu mimi albamu ile haiishii pale wenyewe walipoimalizia. Gitaa zito la mwisho likinyamaza, masikio yangu yanangoja lile gitaa la Morogoro liingie likicheka. Mwanangu alinitafutia albamu hiyo kwenye simu, safi kabisa, haina mikwaruzo. Ikafika mwisho, kimya. Nikajiona kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mwaka ule betri zilikuwa za shida, kama kila kitu. Tulizianika juu ya bati adhuhuri, tukapata nyimbo tatu, zikachoka, sauti ya Ozzy ikaanza kushuka mpaka ikawa ya zimwi. Kurudisha mkanda nyuma tulitumia kalamu ya Bic, maana kurudisha kwa redio ni kula betri. Mtu aliyezungusha mkanda mzima kwa kalamu haruki wimbo. Unausikiliza hata usioupenda, na kwa kuusikiliza hivyo unajua kwa nini umewekwa pale. Katikati ya zile kelele za Paranoid kuna wimbo mmoja mtulivu kabisa, ngoma zake zinagongwa kwa viganja, sauti inatoka kama iko chini ya maji. Ukiusikia peke yake kwenye simu utasema wa kawaida. Ukiusikia baada ya nyimbo mbili za mwanzo, na ukijua kinachokuja baada yake ni kile kishindo cha Iron Man, wimbo wa mtu wa chuma, ni kama kivuli cha mwembe. Mama watoto, ambaye muziki wangu wote anauita "mabati yanaanguka", huo anauruhusu sebuleni.

Sasa nije kwenye vidole, maana ndivyo vilivyonifanya nikate gazeti.

Mpiga solo wa Black Sabbath ni Tony Iommi, mtoto wa Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Alikuwa ameshaaga, aende Ujerumani na bendi, na ile ilikuwa siku yake ya mwisho. Mchana alirudi nyumbani kula, akasema harudi tena kazini. Mama yake akamwambia arudi, kazi humalizwa. Akarudi. Akawekwa kwenye mashine ambayo mwenye nayo siku hiyo hakuja, na mashine ikamchukua ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa ni mashoto, mkono wa kulia ndio anaobonyezea nyuzi.

Hospitali walimwambia gitaa basi. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepoteza nguvu ya vidole viwili kwenye moto mwaka 1928 na akaendelea kupiga. Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga, akatoboa kwa kichuma cha kulehemu, akasugua kwa msasa mpaka kikofia kikaingia kidoleni. Juu yake akabandika ngozi ya koti kuukuu ili kishike uzi. Akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo. Na ilipofika albamu ile ya tatu, ya 1971, akalegeza nyuzi zote zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa zinashuka sauti, zinanguruma. Wengi husimulia kwamba alilegeza tangu albamu ya kwanza. Sivyo, wekeni ya kwanza na ya tatu mfululizo mtasikia wenyewe tofauti. Ule uzito ambao hevi metali nzima imeurithi, nusu yake umetoka kwenye ajali ya kiwandani.

Mimi niliumia mwaka 1992. Nilikuwa nakata sahani ya milimita tatu, karakana ya mtu mwingine, mashine haina kizuizi, na aliyekuwa anavuta wenzo alikuwa anaongea. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikabaki kifupi kuliko wenzake. Mwenye karakana alinipa nauli na siku mbili za mapumziko. Wakati huo kaseti nilikuwa nayo mwaka wa nane, na habari za Iommi sizijui kabisa. Nilikuja kuzijua mwaka 2006, mpwa wangu aliponichapishia kurasa tatu kwenye duka la intaneti pale Kariakoo na kunisomea kwa Kiswahili chake cha haraka haraka. Alipofika kwenye ile chupa ya sabuni nikamwambia rudia. Akarudia. Nikatoka nje, nikajifanya naangalia gari.

Msidhani najifananisha naye. Mimi gitaa sijui hata kulishika. Lakini nilikuwa nimeusikiliza mkono ule miaka ishirini na mbili bila kujua kwamba ni mkono wa fundi mwenzangu.

Na wenzake walikuwa hivyo hivyo. Ozzy alizaliwa mwaka 1948, akakulia mtaa wa Aston, Birmingham. Alifanya kazi machinjioni, akafanya kazi ya kupima honi za magari kwenye kiwanda alichokuwa mama yake, akaingia kwenye wizi mdogo mdogo, akakaa gerezani wiki kadhaa kwa kukosa faini ambayo baba yake alikataa kumlipia. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu ya Oktoba 1969, ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Inaanza na mvua, radi na kengele ya kanisa. Jirani yangu muuza kanzu alipoisikia mara ya kwanza alikuja mlangoni akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Hapo ndipo penye neno lenu la "kishetani", mstari wa tano. Mimi ni Mwislamu, swala hazinipiti, na sina sababu ya kuwatetea Wakristo wa Birmingham kuliko haki yao. Lakini mashairi mengi ya Black Sabbath aliandika mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa Mkatoliki, na kwenye Master of Reality kuna wimbo mzima unaomhoji msikilizaji kama amefikiria habari ya Mungu na kufa. Ile misalaba wanayoonekana nayo kwenye picha za zamani aliwatengenezea baba yake Ozzy kwa alumini. Mzee alikuwa fundi wa vifaa kiwandani, anafanya zamu ya usiku. Nami nikiiangalia misalaba ile naanza kutafuta alama za tupa. Wimbo unaofungua Paranoid unalaani majenerali wanaopeleka watoto wa maskini vitani. Ilikuwa wakati wa Vietnam. Huo ndio ushetani wenyewe.

(Siku hizi kila nikitaja roki naambiwa Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, na kwamba Shangani kuna jumba lake la makumbusho. Sawa, najua, alizaliwa 1946, na bendi yake ya Queen naipenda. Ila yeye alifundishwa piano tangu utotoni.)

Nisiseme kana kwamba ni bendi moja tu. Judas Priest nao ni wa huko huko Birmingham, na albamu yao ya 1980, British Steel, wameipa jina la kampuni ya chuma ambayo mpiga gitaa wao mmoja aliwahi kuifanyia kazi. Kuna mahali walitaka mlio wa miguu ya chuma ikitembea, wakatikisa sinia la visu na uma mbele ya maikrofoni. Nilijaribu na vijiko vya mama watoto. Mlio ulitoka vizuri. Maneno yaliyofuata hayafai gazetini. AC/DC, bendi ya roki ya Australia, walifiwa na mwimbaji wao Februari 1980, na Julai mwaka huo huo wakatoa Back in Black, jalada jeusi tii la msiba, na ndani yake hakuna wimbo hata mmoja wa kulialia.

Saidia fundi wangu anapiga singeli kutwa kwenye kispika chake cha bluetooth, na sisi wazee tunalalamika. Lakini nikitulia naisikia: kasi ile, kelele ile, ni watoto wa Manzese na Tandale wamechukua kompyuta mbovu wakaisukuma mpaka ikalia. Ninachomgombeza ni kubadili wimbo kabla haujafika nusu. Anasema nusu ya pili ni ile ile. Nimemwambia, umeijuaje?

Turudi kwa marehemu. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath wa asili, wote wanne, walikutana jukwaani kwa mara ya kwanza tangu 2005. Walikutana Villa Park, mtaa ule ule wa Aston aliokulia Ozzy. Wasomaji wenu wanaujua uwanja huo. Januari 2020 nchi nzima tulikesha kumwangalia Samatta akiingia pale na jezi ya Aston Villa. Ozzy alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, kusimama hawezi, akaimba amekaa kwenye kiti cha enzi cheusi. Tarehe 22 akafariki, miaka 76. Wiki iliyofuata msafara wake ulisimama kwenye daraja la mjini Birmingham lililopewa jina la bendi yao, matarumbeta mbele kama msiba wa mtu wa mtaa. Mistari sita ile ingetosha kusema hayo.

Sitaki masahihisho, muda umepita. Naomba mwandishi aliyeandika kile kipande aje Gerezani, siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni, jirani wa kushoto akishazima grainda. Kaseti ya mjomba ninayo. Imekatika mara nne na nimeiunga mara nne kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo kuna mahali Ozzy anaruka neno. Redio yangu mota imekufa, aje na yenye mlango wa kaseti unaofunga vizuri. Na asipange miadi nyingine jioni hiyo, kwa sababu upande B hatuzimi mpaka Mbaraka amalize.

Fundi wa mageti,
Gerezani, Dar es Salaam