Meno ya bandia yanayochezacheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie meno ya bandia, hasa ya taya la chini, ambayo baadhi ya wazee wetu hapa Tanga huyavaa kwenda harusini na kuyavua pilau likishaandaliwa. Mama yangu mkubwa ana seti nzima, lakini humchezacheza tangu siku ya kwanza. Hata pweza aliyelainika hukatiwa vipande kama vya mtoto, na meno yenyewe hushinda dirishani ndani ya kikombe cha maji.

Sababu inaeleweka: jino likishang'oka, mfupa uliolishikilia huanza kupungua, na kwenye taya la chini, penye ulimi usiotulia, meno hayo hukosa pa kujishikiza. Ndipo vinapofaa vipandikizi, yaani skrubu ndogo za titani, aina ya metali, zinazotiwa ndani ya mfupa, ambazo mtafiti Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Kwa taya la chini mara nyingi viwili hutosha. Meno hubanwa juu yake mfano wa vifungo vya kubonyeza vya gauni, na bado huvuliwa yakaoshwa.

Mfupa huhitaji miezi kadhaa kushikamana na titani, na mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa huwa hatarini zaidi. Gharama ni kubwa, sikatai. Hata hivyo, aliyemtengenezea mama hakututajia kabisa kwamba njia hiyo ipo. Naomba madaktari wa meno wamweleze mgonjwa njia zote na bei zake kabla ya kumchukua vipimo vya mdomo.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga