Somo yangu, nakujibu kuhusu wale akina mama wa sari

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Mama mguu unaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu na hizi shifti za asubuhi ndo zinanitesa, natoka ndani saa kumi na moja giza totoro narudi giza, jua nalionea dirishani. Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu kwenye basi mpaka dada mmoja wa kazini akaniuliza kuna msiba nyumbani? Nikamwambia hapana, ni somo yangu ananigombeza. Na kweli ulinigombeza. Ukasema nimekuja Uingereza kutafuta maisha sio kushindana na matajiri wa watu, halafu ukasema hao Wahindi ninaokaa nao vikao nimesahau walivyokufanya Kariakoo.

Sijasahau. Ile miaka miwili pale dukani, unasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, mkoba unapekuliwa kila ukitoka, na ile wiki ulipougua malaria ukakatwa hela zote, nani alikuja kukuchukua? Si mimi. Kwahiyo haya ninayokuandikia sio ya kufuta yale, yale yalikuwa dhuluma na yatabaki dhuluma. Ila kuna habari nimeijua huku, ya akina mama wa sari waliogoma kiwandani hapa London 1976, ambayo tungeijua tangu tukiwa shule, na inatuhusu, inaihusu Tanzania kabisa, nikaona kwa sauti siwezi kuimaliza bora nikuandikie.

Kuna bibi mmoja hapa mtaani, Mgujarati, sisi wote tunamwita Ba, kwao ndo kama kusema mama au bibi. Amezaliwa Tanga somo! Kiswahili chake cha Tanga kile cha zamani, siku ya kwanza alinisikia naongea na simu dukani akaniambia "mwanangu, umetoka wapi wewe?" nikaachia kikapu. Amekuja Uingereza 1970 akiwa msichana ameolewa juzi. Sasa vikao vyetu vinafanyika sebuleni kwake, kila Jumapili, chai ya maziwa na tangawizi na chevda, watu wanakaa mpaka kwenye ngazi. Wengi ni wa kiwandani kwetu, tunapofungasha vyakula. Wagujarati, Wanepali, Watamil wa Sri Lanka, Wasomali, na sisi wachache wa Kiswahili, mimi na Wakongomani wawili na dada wa Mombasa. Tunataka chama cha wafanyakazi pale ndani. Ndo hilo tu, sio siasa za kupindua nchi.

Sasa Ba ndo alinihadithia habari ya Jayaben Desai. Jina lenyewe ni Jaya, hiyo ben ni dada, kwahiyo wote walimwita Dada Jaya. Mzaliwa wa Dharmaj, Gujarat, 1933, akaolewa, akaja kuishi kwetu, Tanzania, halafu mwisho wa miaka ya 60 wakahamia London yeye na mumewe na watoto. Wengi wa wale waliotoka Afrika Mashariki, wa Kenya, wa kwetu, na wale wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin 1972 wakapewa siku 90, huko walikotoka walikuwa watu wa maduka, makarani, walimu, na wengi nyumbani walikuwa na msichana wa kazi. Wamefika huku wamekuta hakuna anayejali ulikuwa nani. Mwalimu anafagia, karani yuko kwenye mashine. Na matajiri wa viwanda waliwapenda kwa sababu hiyohiyo, walisema hawa akina mama wa sari ni wapole, wana madeni, wana watoto, hawatasema kitu.

Jayaben akapata kazi Grunwick, pale Willesden, kaskazini magharibi ya London, sio mbali na ninapokaa. Kilikuwa kiwanda cha kusafisha picha. Watu walikuwa wakimaliza filamu kwenye kamera wanaitia kwenye bahasha wanatuma kwa posta, picha zinarudi kwa posta. Hiyo posta uishike kichwani, nitairudia. Mshahara ulikuwa kama paundi 28 kwa wiki ya masaa 40 wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama 72. Ukitaka kwenda chooni unyooshe mkono umuombe meneja, mtu mzima na watoto wake! Na ovataimu ni lazima, unaambiwa saa ya kutoka imeshafika kwamba leo hutoki.

Mwaka 1976 kiangazi kilikuwa cha joto kali ambalo wazee wa huku mpaka leo wanalisimulia. Ijumaa tarehe 20 Agosti kijana mmoja akafukuzwa eti anafanya kazi taratibu, wenzie watatu wakatoka naye. Jioni hiyohiyo Jayaben amejiandaa kwenda nyumbani akaambiwa baki. Akakataa. Na somo, yeye alikuwa mfupi, hafiki hata futi tano, akamgeukia meneja akamwambia hapa mnapoendesha sio kiwanda, ni zuu, na kwenye zuu kuna wanyama wa kila aina, kuna nyani wanaocheza kwenye vidole vyako na kuna simba wanaoweza kukung'oa kichwa, na sisi ndo hao simba bwana meneja. Akatoka na mwanawe. Jumatatu yake wakasimama getini, na watu wakaanza kutoka ndani kuwafuata, mpaka wakafika 137. Hawakuwa na chama, hawakujua hata unajiungaje, wakauliza wakaelekezwa, wakajiunga na chama kimoja kinaitwa APEX. Tajiri akawafukuza wote mwanzo wa Septemba.

Na tajiri mwenyewe sasa, George Ward, alizaliwa Delhi. Hapo ndo nilipokukumbuka wewe na Kariakoo. Yule aliyemtesa Jayaben na Jayaben mwenyewe wametoka bara moja lakini walisimama pande mbili za geti. Tukisema "Wahindi" tu tunawachanganya, na mwenye kufaidika tukiwachanganya sio wewe wala mimi.

Kilichonitoa machozi hasa ni waliowaunga mkono. Kumbuka ile posta. Wapeleka barua wa Cricklewood, mtaa wa jirani, wanaume, wengi Wazungu, hawajuani na wale akina mama hata salamu, walisema barua za kiwanda kile hatugusi. Na sheria ya hapa ilikuwa kosa kuzuia barua, na walipofanya hivyo tena kiangazi cha 1977 walisimamishwa kazi bila mshahara, wana watoto na wao. Kiwanda bila posta ni kama mtu amekabwa koo. Mpaka wale waliokuwa upande wa tajiri ikabidi waje usiku na magari wachukue magunia ya barua wakayatupie kwenye masanduku ya posta nchi nzima.

Akina mama nao hawakukaa getini wakisubiri. Walipanda magari wakazunguka, na sari zao na makoti juu, viwanda, bandari, migodi, mpaka Scotland na Wales, wanasimama mbele ya wanaume mia mbili wa makaa ya mawe wanaongea Kiingereza chao cha kujifunzia kazini. Wewe unanijua mimi darasani nilikuwa nanyamaza, fikiria hilo. Tarehe 11 Julai 1977 wakaja watu kama elfu ishirini kwenye kale kabarabara, wachimba migodi wa Yorkshire wamesafiri usiku kucha. Na wa bandari ya London walikuja na bango lao mbele. Somo, mwaka 1968 hao wa bandari waliandamana kumuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell aliyekuwa anasema wageni warudi kwao! Miaka tisa tu, watu wa bandari ileile. Aliyewabadilisha ni mwanamke mfupi aliyekwenda akawaambia mimi natendewa hivi, na nyie je? Sio serikali wala msikiti wala kanisa. Mimi nalisoma hili kila nikikata tamaa na watu wa huku.

Ila walishindwa, sikufichi. Polisi walikamata watu zaidi ya 500 muda wote wa mgomo. Jaji Scarman aliyewekwa na serikali kuchunguza alisema warudishwe kazini, tajiri akakataa. Kesi ikafika House of Lords, ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, wakashindwa Desemba 1977. Na vyama vikubwa vikaanza kurudi nyuma polepole. Novemba hiyo Jayaben na wenzie wakakaa na njaa mlangoni kwa TUC, ndo shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi, yaani nyumba ya hao waliopaswa kuwatetea, na chama chake kikamsimamisha uanachama kwa kufanya hivyo. Alisema msaada wa vyama ni kama asali kwenye kiwiko, unaiona, unainusa, kuionja huwezi. Jaribu sasa hivi ulambe kiwiko chako uone. Julai 1978 wakamaliza mgomo, kazini hakurudishwa mtu. Mimi naona waliachwa, na nasema hivyo hata mbele ya yule bwana wa chama anayekuja vikaoni kwetu, na yeye hakatai.

Leo kuna michoro yao mikubwa ukutani Willesden, Jayaben alifariki 2010. Nilikwenda kuiona na Ba. Tulipofika alinyamaza sana, nikadhani baridi. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, wenzetu wasielewe, kwamba wakati ule yeye alikuwa anafanya kazi kiwanda kingine, na basi lake lilikuwa linapita karibu na pale kila asubuhi, anawaona, kuna mmoja anamjua wamesali pamoja. Mumewe alimkataza kushuka, alimwambia ukishuka tutafukuzwa nchi hii kama walivyofukuzwa wa Uganda. Na yeye akawa anainamisha kichwa mpaka basi lipite. Karibu miaka miwili anainamisha kichwa. "Nilikuwa naangalia viatu vyangu mwanangu, vile viatu ninavikumbuka mpaka leo." Sikujua nimjibu nini, nikamshika mkono tukatembea mpaka kituoni. Mlango wake tunaugonga saa yoyote sasa na haulizi.

Na kabla hujasema haya ni ya Ulaya, hebu ingia hapo Kenya. Makhan Singh umewahi kumsikia? Mimi kamwe. Singasinga wa Punjab aliyeletwa Nairobi mtoto, 1927, baadaye baba yake akawa na kiwanda cha kuchapa. 1935 akaanzisha chama cha wafanyakazi akakifungua kwa watu wa rangi zote, wakati Wakoloni wamepanga Mzungu juu Mhindi katikati Mwafrika chini, mpaka vyoo tofauti. Vikaratasi vyake alichapa kwa Kipunjabi, Kigujarati na Kiswahili. Aprili 1950 akasimama Kaloleni Nairobi akataka uhuru wa Afrika Mashariki yote, sasa hivi, sio baadaye, miaka kumi na zaidi kabla ya bendera yoyote. Mwezi uliofuata wakamkamata yeye na Fred Kubai, Nairobi ikagoma, na Makhan Singh hakuachiwa mpaka 1961. Miaka kumi na moja mtu anazuiliwa kwa ajili ya uhuru wetu na mimi nimemaliza kidato cha nne sijalisikia jina lake!

Kwahiyo ukiniuliza tena nafanya nini na hawa watu, ndo hivyo. Woga ninao, usidhani sina. Mimi viza yangu unaijua ilivyo, nimemuuliza wakili wa kituo cha bure akaniambia kujiunga na chama ni haki yangu na karatasi zangu haziguswi, nikamuuliza tena, akarudia. Wiki iliyopita supavaiza alimwita dada wa Kinepali chumbani akamuuliza nani anawaita vikaoni, hakumtaja mtu, akapunguziwa shifti. Tukachanga. Dada wa Mombasa akatoa paundi kumi na najua hali yake. Na hao unaowaita Wahindi walipika, walileta sufuria mbili za dengu na wali mpaka mlangoni kwa yule Mnepali, wakasema ni za wiki.

Sasa nina kazi nakupa wewe mwalimu. Wamenipa kile kikaratasi cha chama nikitafsiri Kiswahili, kwa sababu Wakongomani na baadhi ya Wasomali waliokulia Kenya Kiingereza chake kinawashinda. Nimekwama. Kuna mahali panaposema mtu asiingie kazini wenzie wakiwa wamegoma getini, nimeandika "kutokuvuka mstari" nikaona haisemi kitu, nikafuta nikaandika "usimpite mwenzio getini", sijui imekaa sawa? Na hapo pa kura, tuseme kura ya siri au kura ya faragha? Nimekutumia picha za kurasa zote mbili kwenye simu. Kalamu nyekundu usinihurumie, ila Ba anaomba neno "wenzetu" ulibakize kila lilipo. Nirudishie kabla ya Jumapili, tunachapa saa nane.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya mguu nimempa yule kijana anayekuja mwisho wa mwezi.

Ni mimi somo yako,
London