Mti wa kumwagilia Dodoma uwe wa matunda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa Dodoma, hasa walimu wakuu, wenyeviti wa mitaa na wale wanaoamua ni miche gani igawiwe, kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa bibi shamba mkoani hapa hadi nikastaafu, na sasa nina kitalu kidogo uani kwangu, Nkuhungu. Nina jambo moja tu. Huku kwetu mti utakaohitaji maji ya ndoo uwe wa matunda, na mti wa mapambo uwe ule unaoweza kuishi kwa mvua peke yake.

Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei ni jua, na ikifika Julai upepo nao unaingia, unakausha jani na udongo kwa pamoja. Sasa pita kwenye mitaa mipya uangalie nyumba zinazojengwa. Nyingi zimezungushiwa miashoki, ile miti ya mapambo mirefu na myembamba. Tuseme mtu amepanda miche 20 kuufuata uzio. Kila mche ukipewa nusu ndoo, yaani lita 10, mara mbili kwa juma, kwa majuma 30 ya kiangazi utakuwa umekunywa lita 600. Miche 20 ni lita 12,000, sawa na madumu 600 ya lita 20. Maji hayo yamelipiwa, na siku za mgao yamebebwa kichwani, mara nyingi na dada wa kazi au mtoto aliyerudi shule. Baada ya miaka mitano mwashoki umesimama wima, unapendeza, lakini kivuli chake kinaishia kwenye shina lake. Hata mkeka huwezi kutandika chini yake. Nusu tu ya maji hayo ingelea miembe minne, mipera miwili na mlimau.

Sipingi uzuri wa mji. Mikrismasi inapowaka nyekundu mwezi Novemba, wakati kila kitu kimekauka, moyo wangu hufurahi kama wa mtu mwingine yeyote. Mti ule asili yake ni Madagaska, jua unalijua, na ukishashika mizizi hauombi maji. Ila mizizi yake hutambaa juu juu, kwa hiyo uwekwe mbali na ukuta, pevingi na shimo la maji taka. Mwarobaini nao unatoa kivuli kizuri pasipo kubembelezwa. Anayetaka uzio wa maua apande bogenvilia: inachanua kiangazi chote na miiba yake inazuia mbuzi. Halafu kuna mkwaju, ambao nashangaa kwa nini vitalu vingi haviuoteshi. Unakua polepole, ni kweli, lakini ukivuka kiangazi cha kwanza na cha pili unajitegemea, kivuli chake ni kipana, na matunda yake yanauzwa sokoni mwaka mzima. Tazama mashamba ya Wagogo pembezoni mwa mji, mibuyu na mikwaju imeachwa katikati ya mtama. Wazee wale walijua mti gani haupaswi kuguswa na panga.

Sasa shule. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa Tanga, Bukoba au Kilimanjaro tarehe hiyo inafaa sana, masika yanakuwa yameshika. Kwa Dodoma, Aprili mvua zinaaga. Mche unaopandwa siku hiyo unapata mvua za majuma machache, kisha unaachwa na jua kwa miezi saba. Nimeona shule moja jirani ambako miche ililetwa na lori mwishoni mwa Machi, ikapandwa yote kwa siku moja, na watoto wakaagizwa kuja na vidumu vya lita tano kila asubuhi. Watoto wale walijitahidi, lakini likizo ya Juni ilipofika hakukuwa na wa kumwagilia, na Agosti vilibaki vijiti. Naomba halmashauri zetu zipeleke miche shuleni mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, ardhi ikiwa imeshalowa. Tarehe 1 Aprili itumike kuweka matandazo, kujenga vizuizi vya mbuzi na kuziba mapengo machache.

Na miche hiyo iwe ipi? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Parachichi limewapa watu kipato kizuri Njombe na Rungwe, basi sasa miche ya parachichi aina ya Hass inauzwa hata barabarani kwetu, na watu wananunua. Parachichi linataka ubaridi wa nyanda za juu na udongo wenye unyevu usiotuama. Likiwekwa kwenye upepo wa Dodoma wa Septemba, majani yanaungua kuanzia kwenye ncha mpaka yanapukutika. Anayekuuzia hatakwambia hivyo. Kwetu hapa panda mwembe, mpera, mkomamanga, mlimau, mkunazi, na mzabibu kama una nafasi ya kuujengea kichanja. Zabibu za Dodoma zinajulikana nchi nzima, na kituo cha utafiti cha Makutupora kipo hapa hapa kwetu.

Mwembe ununue uliobebeshwa, yaani mche wa kienyeji ulioungwa juu yake kikonyo, kijitawi kilichokatwa kwenye mwembe wa aina unayoitaka. Wa kokwa utakuzungusha miaka sita, minane au zaidi ndipo uone ua, na huna uhakika utazaa embe la aina gani. Uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na embe lake ni lile lile la mti ulikotolewa kikonyo, liwe dodo, Apple au Keitt. Ukifika kitaluni usitazame majani, tazama shina. Kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye udongo utaona kovu, mahali ambapo shina la chini na kikonyo vimeungana. Lipapase kwa kidole gumba. Likiwa limefungana vizuri utahisi uvimbe mgumu usiotikisika. Likitikisika au likiwa na ufa mweusi, uache. Kama utepe wa nailoni bado upo, ukate kwa wembe taratibu, kwani shina likinenepa utepe unalikaba. Kisha inua kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki cha mche, uangalie chini yake. Mizizi ikiwa imetoboa na kuzunguka, mche huo umekaa kitaluni kupita muda wake, na mzizi mkuu uliojikunja haunyooki tena ukishafukiwa.

Ukishapanda, chipukizi lolote linaloota chini ya lile kovu livunje mapema. Hilo ni la mwembe wa kienyeji uliotumika kubebea, na ukiliacha litakipita kikonyo na kukiua. Nimeombwa mara nyingi nikaangalie mwembe wa kisasa uliogoma kuzaa, nikakuta kikonyo kilishakufa zamani na mtu anamwagilia mwembe wa kienyeji. Maua ya mwaka wa kwanza yaondoe yote, hata kama roho inauma.

Shimo lichimbwe mapema, Oktoba au Novemba, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uweke kando moja, wa chini kando nyingine. Mvua ya kwanza ikishalowesha, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, ndio urudi kwanza. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa. Jenga kisahani cha udongo kuzunguka mche ili maji yasikimbie, weka matandazo ya nyasi au mabua, lakini yasiguse shina, kwa sababu ya mchwa hao hao. Kati ya mwembe na mwembe acha mita nane hadi kumi, hata kama leo mche wenyewe ni wa kimo cha goti na uwanja unaonekana mtupu. Nafasi hiyo panda mipapai kwa sasa, miche mitatu kila shimo. Ikichanua, dume litoe. Maji ya kusuuzia nguo na vyombo yanafaa kwa miti hii, mradi hayana jiki.

Mbuzi nao wasisahaulike. Mavuno yakiisha wanaachiwa, na mche usiozungushiwa miiba ya mgunga hauoni Septemba.

Kwa halmashauri nina ombi la mwisho. Orodha ya miche ya msimu ipelekwe kwa walimu wakuu mapema, waulizwe wana maji kiasi gani na uwanja wao ukoje, kabla kitalu hakijapewa oda. Shule yenye kisima ipewe miembe na mipera. Shule isiyo na bomba ipewe mikwaju na miarobaini. Najua mche uliobebeshwa ni ghali kuliko mwashoki, na kwa fedha ile ile idadi itapungua. Heri shule ipate miembe kumi itakayolelewa kuliko miche 200 ya kuhesabiwa siku ya kupigwa picha.

Hapa kwangu nina miembe dodo miwili mikubwa inayozaa vizuri. Shule yoyote ya Nkuhungu na mitaa ya jirani ikiotesha kokwa zake za kienyeji, wanafunzi waje na mwalimu wao, vikonyo nitawapa bure na kubebesha nitawafundisha mwenyewe. Waje na wembe mpya na utepe wa nailoni.

Bibi shamba mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.