Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Matibabu ya Akina Baba na Familia Zetu Hapa Maine

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa wahamiaji, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana,

Nawasalimu nyote, mlioko Lewiston na Portland, na ninyi mlio mbali zaidi, Augusta, Bangor na kule Aroostook ambako theluji huwahi kufika na huchelewa kuondoka. Katibu atawasomea muhtasari wa vikao, na mweka hazina atawasomea mapato na matumizi. Mimi nitazungumzia jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya kazi ya kamati mwaka uliopita: matibabu ya akina baba, na namna ya kuyapata kwa gharama ambayo nyumba zetu zinaimudu.

Mtauliza kwa nini akina baba. Ni kwa sababu katika nyumba zetu nyingi wao ndio wasio na kadi ya bima ya afya. Tangu tarehe 1 Julai 2022, jimbo la Maine linawapa MaineCare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, watoto na vijana walio chini ya miaka 21 pamoja na wajawazito, hata kama hati zao za uhamiaji hazijakamilika, mradi kipato cha nyumba kisivuke kiwango. Tunalishukuru jimbo kwa hilo. Lakini baba ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa hamo katika mpango huo. Yeye anaweza kupata MaineCare ya dharura tu, yaani hali ikishakuwa ya kufa na kupona. Basi unakuta mama amepimwa, watoto wamechanjwa, na anayelipa kodi ya nyumba hajawahi kupimwa presha tangu alipoondoka Uvira, kule Kongo.

Na wapo akina baba wenye haki kamili ya MaineCare ambao nao hawaendi. Wananchi wa Maine walipiga kura mwaka 2017 kuipanua MaineCare, na Gavana Janet Mills alipoingia madarakani Januari 2019 aliagiza utekelezaji uanze mara moja. Mtu mzima mwenye hati zinazokubalika na kipato kisichozidi 138% ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu anaingia, awe na watoto au asiwe nao. Wengi wetu tuliokuja kama wakimbizi tumo. Mbona basi baba anaumwa meno mwaka mzima, wakati MaineCare inalipia matibabu ya meno ya watu wazima tangu Julai 2022?

Katika mazungumzo ya akina baba tuliyofanya msimu wa masika, sababu zilianza kutoka. Waliotoka Kongo wanakumbuka hospitali zinazomzuia mgonjwa, hata mzazi mwenye kichanga, mpaka ndugu walete pesa. Mtu aliyeona hayo akiwa kijana hatavuka kizingiti cha hospitali kabla hajajua atalipa nini. Waliokaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, walizoea zahanati ya kambi, ambako ulipanga foleni tangu alfajiri lakini hukuulizwa bei. Wenzetu kutoka Rwanda wanaijua mutuelle, unalipa mchango wa mwaka na mambo yanajulikana. Hapa bei inakuja baada ya tiba, kwa barua, wiki kadhaa baadaye, na barua ya kwanza huwa inatisha. Baba akishaipata moja kama hiyo, harudi tena.

Ndugu mmoja, ameniruhusu nimseme bila kumtaja jina, alifanya kazi za usiku kwenye kiwanda cha samaki huku kichwa kikimuuma kwa miezi. Alikuwa akimeza vidonge vya dukani. Mwezi wa nane alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Ana watoto wanne. Presha yake ilipopimwa katika chumba cha dharura, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupimwa katika maisha yake. Vidonge vya presha vya kawaida ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa katika nchi hii. Nasema haya kwa uchungu, na nataka kila baba aliye hapa ayasikie.

Kamati iliamua kuacha kuhimiza kwa maneno matupu na kuanza kuwasindikiza watu. Niwaeleze milango tuliyoipitia, maana kila mmoja wenu anaweza kuipitia.

Mlango wa kwanza ni vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu. Viwili vya kwanza vilibuniwa mwaka 1965 na madaktari Jack Geiger na Count Gibson, kimoja Boston na kingine Mound Bayou huko Mississippi, kwa ajili ya maskini wa mjini na wa shamba. Leo vipo kote nchini, na Maine vimetapakaa hadi miji midogo. Portland kuna Greater Portland Health, Bangor kuna Penobscot Community Health Care. Sheria inavitaka vimhudumie kila anayefika, na ada ipangwe kufuatana na kipato: aliye chini ya kiwango cha umaskini hulipa kidogo sana au halipi, na punguzo linaendelea hadi mara mbili ya kiwango hicho. Kwa mwaka 2025, kiwango cha familia ya watu wanne kilikuwa dola 32,150. Maana yake, baba mwenye mke na watoto wawili anayeingiza hata dola 60,000 kwa mwaka bado yumo kwenye punguzo. Wengi walishangaa kusikia hivyo. Kinachohitajika ni slipu za mshahara au barua inayoeleza kipato, basi. Na vituo vingi vya aina hii hupata dawa kwa bei nafuu chini ya mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1992, kwa hiyo ulizeni dawa palepale kabla hamjaenda kwenye duka la barabarani.

Kwa wale wanaokwenda kuchuma blueberi Washington County kila Agosti, Maine Mobile Health Program huwafuata wafanyakazi wa msimu hukohuko mashambani. Msiipite gari yao.

Mlango wa pili ni msaada wa hospitali zenyewe. Karibu hospitali zote za Maine si za biashara ya faida, na kwa sababu hiyo sheria ya kodi inazitaka ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kumsaidia mgonjwa asiyeweza kulipa. Juu ya hilo, sheria ya jimbo inazitaka zimtibu bure mkazi wa Maine mwenye kipato kidogo. Kwa muda mrefu kiwango cha chini kilikuwa 150% ya kiwango cha umaskini, na zipo hospitali zinazokwenda juu zaidi. Mwenye bili anayo haki ya kupeleka fomu hadi siku 240 tangu bili ya kwanza ya baada ya matibabu. Siku 240 ni miezi minane! Tumekutana na akina baba waliokuwa wakilipa dola hamsini hamsini kila mwezi kwa bili ambayo wangesamehewa yote. Yule ndugu wa kiharusi, mkewe na katibu wetu walijaza fomu pamoja, wakaambatisha slipu na barua ya mwajiri, na deni la hospitali likafutwa. Bili ya gari la wagonjwa ilikuja kivyake, na hiyo tunaendelea kuiombea punguzo. Muwe macho hapo: daktari, maabara na gari la wagonjwa wanaweza kuleta barua tofauti, na msamaha wa hospitali hauzifuti zote.

Sasa nizungumzie ukalimani, na hapa naomba mnivumilie nikichukua muda. Baba anakwenda kwa daktari na binti yake wa miaka kumi na mmoja ili amtafsirie. Daktari anauliza kama anaona damu kwenye mkojo, kama ana shida chumbani, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Baba atajibu nini mbele ya mtoto? Atasema yuko salama, watarudi nyumbani, na ugonjwa utarudi nao. Na mtoto naye amebebeshwa mzigo usio wake. Sheria ya nchi hii iko wazi: hospitali na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinapaswa kukupa mkalimani mwenye sifa bila malipo, na haviruhusiwi kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura wakati mkalimani hajapatikana. Mnapopiga simu kuomba miadi, semeni mapema kwamba mnataka mkalimani wa Kiswahili, na kama mnahitaji anayeelewa Kiswahili cha Kivu, semeni hivyo pia. Akina baba wapo huru kuomba mkalimani mwanamume. Nawasihi, tuache kuwatoa watoto shuleni kwa kazi hii.

Kuhusu yanayopaswa kupimwa, wauguzi waliotutembelea walisisitiza presha na sukari kwanza. Waliongeza homa ya ini aina ya B, ambayo imeenea sana kule tulikotoka na hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Tangu 2023 mamlaka ya afya ya Marekani inashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja. Utumbo mpana uchunguzwe kuanzia miaka 45. Na tezi dume, ambayo huwashambulia wanaume Weusi mapema na kwa ukali zaidi, izungumzwe na daktari bila aibu.

Umbali umetusumbua mwaka mzima. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine wanaishi vijijini, na mwaka 2025 hali ilizidi kubana: hospitali ya Inland huko Waterville ilifungwa, na wodi za uzazi za Houlton, Belfast na Bar Harbor ziliacha kupokea wazazi. Baba mwenye mke mjamzito kaskazini anapaswa kupanga safari ya kujifungua kama anavyopanga fedha ya kodi ya nyumba: gari lina matairi ya theluji, mtu wa kubaki na watoto anajulikana, na jirani mwenye gari la pili ana namba yako. Aliye na MaineCare anaweza kuomba usafiri wa kwenda kwa miadi, lakini auombe siku kadhaa za kazi kabla. Baba asiye na kadi hana usafiri huo, ndiyo maana wanachama wenye magari walijitolea. Nawashukuru sana, hasa waliotoka zamu ya usiku wakaendesha bila kulalamika.

Nije kwenye yanayokuja, maana hayatasubiri mkutano wetu mwingine. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inabadilisha mengi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu hawatakubalika tena katika mpango wa Medicaid unaolipwa na serikali kuu, ambao hapa ndio MaineCare. Kuanzia 2027, msaada wa kulipia bima za CoverME.gov, soko la bima la jimbo, nao utabaki kwa wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache. Ruzuku ya ziada ya bima hizo ilikwisha tarehe 31 Desemba 2025, na wanachama walionunua bima wamekwisha kuona malipo ya mwezi yakipanda. Kwa hiyo aliyefikisha mwaka mmoja tangu aingie kama mkimbizi, au tangu apewe hifadhi, na hajaomba kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, alishughulikie sasa. Wenye uraia wa Burundi au Somalia, nchi zilizotajwa katika agizo la kuzuia safari la Juni 2025, waonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, si na mjaza fomu wa mtaani.

Ifikapo Januari 2027, watu wazima walioingia kupitia upanuzi wa Medicaid watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi, masomo au huduma ya kujitolea kila mwezi, na kuhakikiwa upya kila miezi sita. Wazazi wenye mtoto wa miaka 13 au chini wamesamehewa sharti la kazi. Saa zenyewe hazinitishi. Akina baba wa umoja huu wengi huzimaliza katika wiki mbili. Ninachohofia ni karatasi: barua iliyokwenda kwenye nyumba uliyohama, slipu iliyotupwa, fomu ya Kiingereza iliyowekwa juu ya friji. Kila aliyehama mwaka uliopita aifahamishe MaineCare anwani yake mpya wiki hii.

Mwisho nalileta kwenu pendekezo la kamati. Umoja huu unachangia misiba kwa moyo, na tukipata taarifa ya kifo usiku, kufikia asubuhi bahasha imeanza kujaa. Hilo liendelee. Ila tunaomba sehemu ya kumi ya ada za mwaka 2026 itengwe iwe mfuko wa kipimo cha kwanza: kulipia ada ya kituo cha afya na mafuta ya gari kwa baba yeyote mwanachama ambaye hana kadi na hajapimwa kwa miaka miwili au zaidi. Mfuko usimamiwe na mweka hazina pamoja na akina mama wawili watakaochaguliwa na mkutano, na majina ya wanaosaidiwa yabaki siri ya watu hao watatu. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa katibu kwa maandishi kabla ya kura.