Risala ya Wakutubi kwa Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Vitendo ya Utunzaji wa Data za Kijiografia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkurugenzi wa Maktaba, mwenyeji wetu,
Wakufunzi wetu,
Wakutubi wenzangu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, tena Ijumaa mchana, wakati ambao wengi tayari wanaangalia saa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ulionao hapa ni wakutubi wa vyuo na taasisi za utafiti. Kwa siku nne tumeziacha rafu zetu tukakaa kwenye kompyuta. Sharti la kuja lilikuwa moja: kila mtu abebe ramani au data inayomsumbua kazini kwake. Utaratibu huu tumeuiga kwa wenzetu wa Geo4LibCamp, mkutano wa vitendo wa wanaoshughulikia data za kijiografia maktabani, uliofanyika mara ya kwanza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2016. Basi wapo waliokuja na CD za miradi iliyokwisha zamani, wapo waliobeba ramani za karatasi zilizotoboka kwenye mikunjo, na mwenzetu mmoja alileta flashi yenye mafaili matatu: "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kweli". Hadi leo hatujajua lipi ni la mwisho.

Siku ya kwanza tulivionyesha vituo vya maji vya Dar es Salaam kwenye ramani ya dunia. Vikatokea Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Mwenye faili alikuwa amebadilisha nafasi za latitudo na longitudo. Wa pili alisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, ile inayoonyesha kusini mwa ikweta, visima vyake vikahamia Ethiopia. Tulicheka sana, lakini makosa ya namna hiyo hayana madhara makubwa kwa kuwa yanajionyesha yenyewe. Kuna mengine yaliyojificha. Ramani zetu za zamani za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Ukiziweka juu ya picha za setelaiti zenye msingi wa WGS84, ule unaotumiwa na GPS, bila kuzibadilisha kwanza, zinapishana kwa karibu mita 300. Mita 300 hazikufikishi Hispania, ila zinatosha kukuingiza kwenye shamba la jirani. Tena nchi yetu imelala katika kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande vipande kwa ajili ya ramani: Kigoma mjini ni kanda ya 35, Dodoma ya 36, Dar es Salaam ya 37. Faili lisilotaja kanda ni kama barua isiyo na sanduku la posta.

Tumejifunza pia kwamba shepufaili, muundo wa kuhifadhia data za ramani kwenye kompyuta, si faili moja bali ni familia: kuna lenye maumbo, lenye faharasa, lenye jedwali, na lile linalotaja mfumo wa majira-nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali. Wanafunzi walikuwa wakituletea lile la shp peke yake, nasi tukilipokea na kugonga muhuri.

Kilichotugusa zaidi ni suala la tarehe. Mtafiti akiomba mipaka ya mikoa, mkutubi amuulize kwanza: ya mwaka gani? Ramani ya sensa ya 2002 haina Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, mikoa iliyoanzishwa mwaka 2012. Ya sensa ya 2012 haina Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapo ndipo wengi wetu tulipopumua. Toleo, mwaka, mchapishaji na mahali ni mambo ambayo mkutubi huyauliza kwa kila kitabu. Kazi tuliyokuwa tukidhani ni ya wapima ardhi, nusu yake ni yetu tangu zamani.

Kwa hiyo tumeandika rekodi. Kila rekodi inataja nani alikusanya data, lini, kwa msingi gani, nani anaruhusiwa kuzitumia, na mipaka minne ya eneo lake, ili msomaji achore mstatili kwenye skrini na apate kilichomo. Tumetumia QGIS, ya kuchorea na kuchambulia ramani, na GeoBlacklight, ya kutafutia data za ramani, iliyoanzishwa na vyuo vya Stanford, MIT na Princeton. Zote ni programu huria, hazidai ada ya leseni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja kubwa. Maktaba zetu hupokea tasnifu, data hubaki kwa mwandishi. Mwenzetu mmoja alifuatwa na mhandisi aliyetaka ramani ya mafuriko iliyomo kwenye tasnifu. Tasnifu ilikuwepo, imejalidiwa vizuri kabisa, lakini ramani ilichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, eneo la hatari na eneo salama vikawa kijivu kile kile. Mwandishi alipopigiwa simu akasema kompyuta mpakato yake iliibwa kwenye basi. Linganisha na Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wananchi walichora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Kazi yao imo OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, na yeyote anaichukua hadi leo. Tunaomba utufikishie ombi hili kwenye mabaraza ya vyuo: mwanafunzi asisainiwe fomu ya kumaliza chuo kabla hajakabidhi maktaba data za ramani zake pamoja na maelezo yake.

Hatusemi kila kitu kiwekwe wazi. Nukta inayoonyesha nyumba ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Tunahitaji mwongozo wa nini kifunguliwe, nini kifungwe, na kwa muda gani.

Seva na nakala rudufu tunaziomba pia, na hilo halihitaji maneno mengi. Aidha, mkutubi aliyefunzwa kazi hii asihamishiwe dawati la kuazimisha vitabu mwezi unaofuata. Limewahi kutokea.

Ukitoka hapa, tunakuomba upite meza ya dirishani. Ile ramani iliyotoboka kwenye mikunjo imeskaniwa na kuwekwa mahali pake juu ya picha ya setelaiti. Mwenye nayo amekaa hapo tangu asubuhi akikusubiri akuonyeshe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.