Kabla ya asilimia, shika LOD

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole sana kwa goti. Umeniuliza jeshi litakupa asilimia ngapi za ulemavu. Hilo tuliweke kando kwanza, maana kabla ya asilimia kuna LOD, yaani uthibitisho kwamba uliumia ukiwa kazini. Askari wa kudumu yuko kazini kila siku. Wewe wa jeshi la akiba unavaa sare wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili za mazoezi kwa mwaka, kwa hiyo jeshi la Marekani litataka kujua: goti liliumia siku hizo, au ukibeba mizigo kwenye kazi yako ya kiraia?

Fomu yake ni DA 2173. Ambatanisha amri iliyokuita mazoezini na kumbukumbu za matibabu za wakati ule, na tarehe zisigongane. Wengi hukwama hivi: mtu anaumia Jumamosi, anajikaza, anakwenda hospitali ya kiraia wiki tatu baadaye, daktari anaandika "maumivu ya goti" basi. Usitoke kliniki kabla chanzo hakijaandikwa. Bila LOD, faili huenda kwenye bodi ya maradhi yasiyotokana na kazi, ambayo huamua tu kama unafaa kubaki. Ikisema hufai, unatoka bila fidia ya ulemavu ya jeshi.

LOD ikipita na ukapewa profaili ya kudumu (hati ya daktari wa jeshi inayoonyesha usichoweza kufanya kiafya) ya daraja la 3 au 4, utapelekwa MEB, bodi ya madaktari. Utapangiwa PEBLO, ofisa wa kukuongoza. Mpe namba yako na barua pepe yako binafsi, kwa sababu karatasi zikipitia kikosini zinaweza kukusubiri hadi wikendi ya mazoezi, na siku za kujibu ni chache.

Kwenye fomu ya madai ya VA, idara ya serikali ya kuhudumia maveterani, namba 21-0819, usiandike goti peke yake. Taja mgongo, masikio, usingizi, chochote kilichotokana na utumishi. Jeshi hulipia yale tu yanayokuzuia kufanya kazi yako ya kijeshi. VA hupima yote, ila hupima ulichodai. Tena, sisi tumelelewa kujibu "nzuri" hata tukiugulia ndani. Kwa mpimaji wa VA jibu hilo litaandikwa vivyo hivyo. Mweleze goti linavyokuwa siku mbaya kabisa: ngazi ngapi, dakika ngapi za kusimama.

Muhtasari wa MEB usome mstari kwa mstari. Una haki ya kuomba daktari huru aupitie na kuandika pingamizi, na wakili wa askari ni bure. Mwite mapema, usingoje PEB, bodi inayoamua kama unafaa.

Ukionekana hufai na ukapata 30% au zaidi, unastaafishwa kwa ulemavu. Chini ya hapo, kama hujafikisha miaka 20, unapewa malipo ya mkupuo: mishahara ya msingi ya miezi miwili kwa kila mwaka wa utumishi. Kwa wa akiba miaka ya mkupuo huhesabiwa kwa pointi za utumishi, kila pointi 360 ni mwaka mmoja, kwa hiyo kagua taarifa ya pointi zako sasa. VA nayo kwa kawaida hukata fedha hizo kwenye malipo yake ya ugonjwa huohuo. Na kama una miaka 15 yenye pointi 50 au zaidi kila mmoja, muulize wakili kuhusu pensheni ya umri wa miaka 60 kabla hujasaini kupokea mkupuo.

Nitumie nakala ya amri ya mazoezi na karatasi ya kliniki, nilinganishe tarehe kabla hujazikabidhi.

Wako,
Rafiki yako