Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Dodoso linasema mwanangu hana wasiwasi

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Mwaka jana nilimpeleka kliniki kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia, asubuhi za shule alikuwa anatapika, na daftari lenye kosa la herufi moja alilichana lote. Mtaalamu akatoa dodoso la wasiwasi, akaanza kumsomea. "Je, moyo wako huenda mbio?" Mwanangu akajibu hapana, moyo hauna miguu. "Je, huwa unakaa roho juu?" Akatazama dari, kimya. Tukaendelea hivyo hadi swali la mwisho. Alama zikajumlishwa, zikatoka chache, nikaambiwa mtoto hana shida ya wasiwasi, hayo ninayoyaona ni usonji tu.

Simlaumu mtaalamu yule, alitumia alichopewa. Nakuandikia kuhusu hicho alichopewa.

Madodoso mengi ya wasiwasi wa watoto, likiwemo SCARED la mwaka 1997 lenye maswali 41 katika toleo linalotumika sana, hayakutungwa kwa kuwafikiria watoto wenye usonji. Yanamtaka mtoto ajichungulie ndani, aipe hisia yake jina, kisha akumbuke imemjia mara ngapi. Wengi wa watoto hawa hukwama hapo mwanzo kabisa: mwili unatetemeka, naye hajui kwamba huko ndiko kuogopa. Wasiozungumza ndio hata hawafikiwi na swali. Mzazi akijaza kwa niaba yao anakuta swali, kwa mfano, kama mtoto huwakwepa wenzake. Ndiyo, huwakwepa. Ila anawaogopa, au hana haja nao, au kelele zao zinamuumiza masikio? Kisanduku ni kimoja, na mimi natakiwa nitie alama. Ndiyo maana kipimo hichohicho kinaweza kumkosa mtoto mwenye hofu kali na kumnasa asiye nayo.

Na hofu anayo kweli, si jambo la nadra. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 31 zenye watoto na vijana zaidi ya 2,000 wenye usonji, ulikuta karibu 40% wana angalau aina moja ya ugonjwa wa wasiwasi. Hata Leo Kanner, daktari wa akili aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza usonji, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza, aliandika juu ya hofu ya vifaa vyenye kelele na dhiki ya kubadilishiwa mambo waliyozoea. Hofu za namna hiyo huzioni sana kwenye madodoso ya kawaida.

Wapo waliokwisha kuhangaika na jambo hili. Dodoso la ASC-ASD la mwaka 2016, la wasiwasi wa watoto wenye usonji, lenye maswali 24, lina sehemu nzima ya kutovumilia kutojua kitakachofuata. PRAS-ASD la mwaka 2019, la maswali 25, lilianzia kwenye maelezo ya wazazi wenyewe. Tukiyaleta kwa Kiswahili, tafadhali yasitafsiriwe mezani na kupigwa muhuri. Yasomwe kwanza mbele ya watoto wenye usonji, la sivyo "roho juu" itarudi kwa mlango mwingine.

Ombi langu ni moja, na halihitaji kusubiri madodoso hayo: toa waraka kwamba faili la mtoto mwenye usonji lisifungwe kwa alama za dodoso peke yake. Aulizwe mzazi, aulizwe mwalimu, mtoto atazamwe akiwa mahali anapoteseka, kisha liulizwe swali ambalo sikuulizwa: nini kimebadilika kuliko kawaida yake? Kupepea mikono alianza tangu akiwa na miaka miwili, huo ni usonji wake. Kutapika kulianza alipobadilishiwa darasa.

Nakala ya dodoso ninayo, nikiitwa nitaileta. Swali la moyo kwenda mbio limejazwa 0.

Wako,
Mama wa mtoto mwenye usonji